Panya Asiyejua Kushona

Mwaka 1987 watafiti wa Muhimbili, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Umeå nchini Uswidi, walizunguka mkoa wa Kagera wakipima damu za watu wa umri wa miaka 15 hadi 54. Profesa Japhet Killewo na wenzake walipochapisha matokeo mwaka 1990, mkoa ule mmoja ulionekana kama nchi nne tofauti. Bukoba mjini, asilimia 24.2 ya waliopimwa walikuwa na virusi vya UKIMWI. Bukoba Vijijini na Muleba, asilimia 10. Karagwe, 4.5. Ngara na Biharamulo, zikihesabiwa pamoja, 0.4.

Karibu kila mtu anayeandika kuhusu utafiti ule hukimbilia ile 24.2. Mimi hubaki kwenye 0.4. Wilaya mbili za magharibi na kusini mwa mkoa, za Wahangaza, Washubi na Wasubi, zilikuwa bado zinausikia ugonjwa kama habari ya kwa jirani, wakati upande wa ziwani watu walikuwa wanazika kila wiki. Huko ziwani walikuwa wameshaupa jina: Juliana, jina la nguo ya fasheni iliyokuwa ikivushwa mpakani kutoka Uganda. Wagonjwa watatu wa kwanza kutambuliwa Tanzania walikuwa wa Kagera, mwaka 1983.

Mwaka huohuo wa 1983, katika kituo cha utafiti wa saratani cha Fox Chase mjini Philadelphia, Gayle Bosma, Philip Custer na Melvin Bosma walichapisha katika jarida la Nature habari za panya weupe waliokuwa hawana kingamwili hata chembe. Hakuna aliyewaambukiza kitu. Walizaliwa hivyo. Tezi ya thaimasi, ambako chembe za T hulelewa, ilikuwa kijipande kidogo tu, na wengu lilikuwa karibu tupu. Dalili zilifanana na zile ambazo madaktari wa Kagera walianza kuziona kwa binadamu, yaani mwili usioweza kujitetea mbele ya vijidudu ambavyo mtu mzima wa afya hata havioni. Chanzo kilikuwa tofauti kabisa. Kule Kagera kirusi kilikuwa kinaua askari. Kwa panya wale, askari hawakuwahi kuandikishwa.

Kwa nini hawakuandikishwa? Ilichukua miaka 12 kupata jibu, na jibu lilipokuja halikutoka upande wa kinga. Lilitoka kwa watu waliokuwa wanashughulika na mionzi.

Hapa inabidi nieleze jambo moja kwa utulivu, kwa sababu wanafunzi wengi hulipita mbio kisha wakapotea njia nzima. Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 za kutengeneza protini, na panya vivyo hivyo. Maadui wa mwili hawana idadi. Ukisema kila adui apewe jeni yake, vinasaba havitatosha. Susumu Tonegawa, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Basel, Uswisi, alionyesha mwaka 1976 kwamba mwili hauna orodha ndefu ya kingamwili iliyoandikwa tayari. Una vipande. Akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1987, mwaka uleule ambao akina Killewo walikuwa wanatoa damu Kagera.

Mfikirie fundi cherehani barazani, tuseme pale njia panda ya Nyakanazi, mwenye vikapu vitatu vya vipande vya vitenge. Kikapu cha kwanza wanasayansi wanakiita V, cha pili D, cha tatu J. Kila chembe changa ya B au T inapokua, fundi huyu huchukua kipande kimoja katika kila kikapu, anakikata kinapopaswa kukatwa, anaviunga vyote vitatu, na kilichobaki katikati anakitupa. Chembe hiyo itavaa vazi hilo maisha yake yote, na kila chembe ina vazi lake. Kwa vikapu vitatu vya kawaida unapata mavazi mengi mno. Tena fundi huyu ana tabia ambayo huku kwetu ingemfukuzia wateja: anaposhona, anapunguza nyuzi mbili tatu hapa, anaongeza kiraka kisichoombwa pale. Mishono yake hailingani kamwe. Kinga inapenda hivyo hivyo. Uzembe ule wa makusudi ndio unaozidisha aina za mavazi kupita hesabu ya vipande vyenyewe.

Lakini neno “kukata” nimelitumia kirahisi mno. Kinachokatwa ni vinasaba, DNA yenyewe, nyuzi zote mbili kwa pamoja. Katika maisha ya chembe hakuna ajali mbaya kama hiyo. Uzi mmoja ukikatika, mwenzake unashikilia na unatumika kama mfano wa kurekebishia. Zikikatika zote mbili, kromosomu imegawanyika vipande, na kipande kisichoungwa kinaweza kupotea au kuungwa pasipo pake, jambo ambalo ni mojawapo ya njia za kuelekea saratani. Mionzi hufanya hivyo. Kemikali fulani hufanya hivyo. Na chembe changa za kinga hujifanyia zenyewe, kwa mkasi uliotengenezwa kwa kazi hiyo tu. Mkasi huo ni jozi ya protini ziitwazo RAG1 na RAG2, zilizogunduliwa mwaka 1989 na 1990 na David Schatz, Marjorie Oettinger na David Baltimore.

Sasa rudi kwa panya wa Philadelphia. Watafiti walitarajia kwamba mkasi umevunjika. Haukuwa umevunjika. Katika thaimasi za panya wale vipande vilikuwa vinakatwa vizuri kabisa. Mkasi wa RAG unapokata, zile ncha zinazopaswa kuungwa hujikunja na kujifunga zenyewe kama kibanio cha nywele. Mtu mwingine lazima aje azifungue kwanza ndipo sindano ipite. Mwaka 1992 ilionyeshwa kwamba chembe za panya hawa zimejaa vibanio ambavyo havijafunguliwa. Kitambaa kimekatwa, vipande viko sakafuni, na hakuna anayeshona. Chembe ikijiona katika hali hiyo, hujiua.

Wakati huohuo maabara za mionzi zilikuwa zimeona kitu ambacho hakikuwa na sababu ya kuwahusu wataalamu wa kinga. Kuanzia mwaka 1990 iliripotiwa kwamba chembe za panya hawa, hata za ngozi, ambazo hazina uhusiano wowote na kingamwili, hufa kwa kipimo cha mionzi ambacho chembe za panya wa kawaida hukivumilia. Chembe ya ngozi haitumii mkasi wa RAG. Kwa hiyo tatizo lilikuwa la kila chembe ya mwili, ila linaonekana mapema zaidi penye kukatwa kwingi.

Mwaka 1995 jeni ikapatikana. Inaitwa Prkdc, na protini yake, DNA-PKcs, ni mojawapo ya protini kubwa mno mwilini, yenye viungo (amino asidi) zaidi ya 4,100. Kazi yake ni kukaa kwenye ncha iliyokatika. Kwanza protini mbili, Ku70 na Ku80, hujivika kwenye ncha kama pete kidoleni. Pete hizo humwita DNA-PKcs, naye humwamsha Artemis, ambaye ndiye mfunguaji wa vibanio. Kisha wanakuja wenye uzi, XRCC4 na ligesi ya nne, kufunga mshono. Timu hiyohiyo huitwa mionzi inapokata vinasaba vya chembe ya ngozi au ya utumbo. Mwili haukuajiri mafundi wawili.

Na kosa lenyewe? Herufi moja. Kati ya herufi zaidi ya 12,000 zinazoandika protini hii, herufi T imegeuka A karibu kabisa na mwisho, ikaweka alama ya “simama” kabla ya wakati. Protini inapungukiwa na viungo 83 hivi vya mkiani, kiasi cha asilimia mbili, na hiyo imetosha. Wapo panya wa aina hii ambao wakizeeka hupata kingamwili chache, kana kwamba fundi asiye na sindano aliwahi kubahatisha kufunga fundo kwa mkono. Wafugaji wa farasi wa Kiarabu wanaujua ugonjwa huu kwa jina jingine la majonzi: mwanafarasi anayezaliwa mzuri, kisha anakufa kwa nimonia katika miezi ya kwanza ya maisha. Ulielezwa mwaka 1973, na mwaka 1997 ikaonekana kwamba jeni iliyoharibika ni ileile.

Ndiyo maana sipendi Prkdc kuitwa “jeni ya kinga”, jina ambalo vitabu vya shule na hata baadhi ya wenzangu hulitumia. Jeni haina wizara. Hii inajua kufanya kitu kimoja, yaani kusimamia uungaji wa ncha zilizokatika, na mwili umeikodisha kwa kazi mbili zisizofanana. Mgonjwa anayetoka Ngara kwenda Bugando, Mwanza, kupigwa mionzi ya saratani, anategemea jeni hii irudishe mshono kwenye chembe zake nzima baada ya kila dozi. Dawa za kuizuia kwenye uvimbe, ili chembe za saratani zishindwe kujikarabati, zinajaribiwa kwa wagonjwa. Ugumu wake ni uleule: kitu kinachousaidia uvimbe upone ni kilekile kinachomponya mwenye uvimbe.

Panya asiyejua kushona akageuka kuwa chombo. Kwa kuwa hana kinga, hawezi kukataa nyama ya mwingine. Mwaka 1988 makundi mawili nchini Marekani, la Joseph McCune na la Donald Mosier, yalimpandikizia tishu na chembe za kinga za binadamu. Akawa panya mwenye damu ya kinga ya mtu, na kwa sababu hiyo akaweza kuambukizwa VVU, jambo ambalo panya wa kawaida hawezi. Mwaka 1990 akina McCune walionyesha kwamba dawa ya AZT inazuia maambukizi ndani ya panya huyo. Familia za Kagera zilizokuwa zikiuguza Juliana wakati huo hazikuwa na habari za panya huyu wala za AZT, na hata zingekuwa nazo, dawa hazikuwepo.

Lakini uhusiano wa jeni hii na VVU unaingia ndani zaidi ya kuwa kifaa cha maabara, na hapa ndipo mimi huacha kazi zote nikakaa chini. VVU haviridhiki na kuishi ndani ya chembe. Hujichomeka ndani ya vinasaba vyake, kwa kimeng'enya kiitwacho integrasi. Ili vijichomeke lazima vikate, na vikikata vinaacha nyuzi zinazoning'inia ambazo mwenye nyumba analazimika kuziunga. Mwaka 1999 René Daniel, Richard Katz na Anna Marie Skalka, nao wa Fox Chase, walionyesha kwamba chembe zisizo na DNA-PKcs zikivamiwa na virusi vya jamii hii hufa nyingi, kwa sababu jeraha la kuchomekwa halikupata fundi. Yaani kirusi kinamtegemea fundi wetu amalizie kazi yake.

Kisha mwaka 2013 utafiti uliotoka katika Nature ukaleta sura nyingine. Katika chembe za CD4 zilizoamka na zinazofanya kazi, VVU vinapojichomeka, DNA-PK hulihisi jeraha na badala ya kushona tu, hutoa amri chembe ijiue. Fundi akawa mnyongaji. Kwa mujibu wa utafiti huo, dawa ya kuzuia integrasi huokoa chembe, kwa kuwa bila mkato hakuna wa kupiga kelele. Tusimtwike lawama zote: mwaka uliofuata, maabara ya Warner Greene huko San Francisco ilionyesha kwamba katika tezi za limfu chembe nyingi zinazokufa ni zile ambazo kirusi kiliingia na kukwama kabla hakijafika kwenye vinasaba, nazo hufa kwa njia nyingine, ya moto wa uvimbe. Vifo ni viwili, vina visababishi viwili. Hata hivyo leo mtu anayechukua vidonge vya TLD katika kliniki ya VVU (CTC) ya Murgwanza au Biharamulo anameza, ndani ya kidonge kimoja, dolutegraviri, ambayo kazi yake ni kuuzuia mkono wa integrasi usikate. Hana haja ya kulijua jina Prkdc. Ila kila asubuhi anampumzisha fundi wake.

Moja ya zile wilaya za 0.4 ilikuja kuitwa mbele kwa jambo jingine. Tarehe 20 Januari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitangaza kwamba mgonjwa mmoja wa homa ya virusi vya Marburg amethibitishwa. Sampuli ilipimwa kwanza katika maabara inayohamishika ya Kabaile, hukohuko Kagera, kisha ikahakikishwa Dar es Salaam. Wilaya ilikuwa Biharamulo. Mlipuko ulipotangazwa kumalizika tarehe 13 Machi, baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya, hesabu ilikuwa wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa. Wote kumi walikufa. Miezi michache kabla, ng'ambo ya Rusumo, Rwanda ilikuwa na wagonjwa 66 na vifo 15. Nimesikia watu wakizilinganisha namba hizi kama matokeo ya mpira. Wanane wa Biharamulo walihesabiwa baada ya kufa, kwa kufuatilia nani alimuuguza nani. Wagonjwa wa Rwanda wengi wao walikuwa wahudumu wa afya waliogunduliwa wakiwa hai na kuwekewa dripu na dawa. Hizo si timu za ligi moja.

Panya asiyejua kushona anaingiaje Marburg? Anaingia kwa mlango wa nyuma. Kirusi cha Marburg hakigusi vinasaba vyetu, kwani chenyewe ni RNA na hakijichomeki popote. Shida iko kwingine: panya mzima wa maabara, ukimdunga kirusi kilichotoka kwa binadamu, haumwi. Anakunywa maji yake na kuendelea na maisha. Mike Bray, katika maabara ya jeshi la Marekani, alionyesha mwaka 2001 kwamba kinachomwokoa ni intaferoni, king'ora cha awali cha kinga ambacho hakihitaji vazi la kushonwa. Panya walionyimwa king'ora hicho hufa upesi. Panya wetu asiye na chembe za B na T, ambaye king'ora chake ni kizima, hustahimili wiki kadhaa kisha naye hufa. Ukiziweka habari hizo mbili pamoja unaona mgawanyo wa kazi: king'ora kinanunua muda, na washonaji ndio wanaomaliza vita. Asiye na washonaji ananunua muda wa bure.

Kelly Warfield na wenzake wakautumia muda huo. Katika kazi iliyochapishwa mwaka 2007 walikipitisha kirusi kutoka ini la panya mmoja asiye na kinga hadi mwingine, mara kumi, hadi kikazoea kuua panya. Mwaka 2009 walikuwa wamekifikisha kwa panya wazima. Aina waliyofanikiwa nayo ni Ravn, iliyotoka kwa kijana wa Kidenmaki aliyeugua Kenya mwaka 1987 baada ya kutembelea pango la Kitum, mlima Elgon. Ndiyo, 1987 tena, nami sina la kueleza zaidi ya kwamba ule ulikuwa mwaka wenye shughuli nyingi. Baadaye ikaonekana kwamba kirusi kilichozoezwa kilikuwa kimebadilisha protini yake ya VP40, hasa ili kuzima king'ora cha panya kama inavyozima cha binadamu.

Hapo nina wasiwasi ambao wenzangu wa maabara hawaupendi. Chanjo na dawa za Marburg huanza kupimwa kwa mnyama huyu, na ni sawa, lazima tuanzie mahali. Lakini tumemvunja panya ili afanane nasi, kisha tumemvunja kirusi ili amfae panya. Shahidi aliyefundishwa pande zote mbili, mahakamani tungemuuliza maswali mengi. Chanjo iliyotolewa kwa wahudumu zaidi ya 1,700 Rwanda mwishoni mwa 2024 ilikuwa bado ya majaribio, na hadi mlipuko wa Biharamulo unaisha hakukuwa na chanjo ya Marburg yenye leseni popote duniani. Panya alikuwa amefanya sehemu yake miaka 15 kabla. Kilichokosekana baada yake ni fedha, viwanda na wateja wenye uwezo wa kulipa, na hayo hayana jeni.

Mwenyeji wa asili wa Marburg ni popo wa matunda wa mapangoni, Rousettus aegyptiacus. Hubeba kirusi bila kuumwa. Mwaka 2013 jopo la kimataifa lililosoma vinasaba vya popo wa aina mbili lilichapisha katika Science orodha ya jeni ambazo babu wa popo alizibadilisha kwa kasi isiyo ya kawaida, huenda kwa sababu kuruka huunguza nguvu nyingi na kuvunjavunja vinasaba. Katika orodha hiyo yupo Ku80, ile pete ya kidoleni. Na yupo DNA-PKcs. Jeni ambayo panya wa Philadelphia alizaliwa nayo ikiwa imeharibika, popo ameinoa upya.

Brian Amman na wenzake walihesabu popo wa Python Cave, kusini magharibi mwa Uganda, miaka kadhaa mfululizo. Maambukizi hupanda mara mbili kwa mwaka, katikati ya Juni hadi katikati ya Septemba, na katikati ya Desemba hadi katikati ya Machi, na visa vingi vya binadamu kuambukizwa vinavyojulikana vimeangukia humo. Wanaoambukizwa zaidi ni popo wachanga wa miezi sita hivi. Kingamwili walizopewa na mama zimekwisha, na zao wenyewe ndio kwanza zinakatwa na kuungwa.

Biharamulo ilikuwa Januari.